Mgeni wa Meya

Sydenham, Durban
9 Machi 1998

Mheshimiwa Diwani Thembekile Mzimela,

Shikamoo.

Uliniambia nikuandikie, nami nimekaa na maneno hayo siku kadhaa nikijiuliza kama ulikuwa unatania. Mimi ni yule msichana wa darasa la tisa uliyemkuta shuleni kwetu, mstari wa nyuma. Ulipomaliza kuhutubia kwa Kiingereza ulisema, "Niliishi Tanzania miaka saba. Hamjambo?" Katika ukumbi mzima nikaitikia peke yangu, "Hatujambo!" Wenzangu wakacheka. Wewe uliteremka jukwaani ukaniuliza, "Na wewe umetokea wapi?" Nikakuambia Bujumbura, halafu Kigoma, ambako ndiko nilikosoma, halafu hapa. Ukasema, "Niandikie, binti. Kiswahili changu kinaota kutu."

Kwa hiyo naandika. Jina langu ni Aurélie Bukuru. Tunapanga chumba cha uani kwa Mzee Jecha. Mama yangu, Libérate, anasuka nywele kando ya barabara mjini, karibu na soko. Kushoto kwake anasuka Mama Agathe, Mkongomani wa Uvira, na kulia MaCele, Mzulu, anachoma mahindi. Jua likiwa kali wote watatu wanajibana chini ya mwavuli mmoja.

Wiki iliyopita askari wa jiji walikuja wakabeba viti vya Mama na vya Mama Agathe, pamoja na nywele zote za bandia walizokuwa wamenunua. Jiko la MaCele hawakuligusa. Askari mmoja alimwita Mama kwerekwere. Nilimuuliza mwalimu wangu hilo ni kabila gani. Aliona haya, akasema si kabila, ndivyo lugha zetu wageni zinavyosikika masikioni mwa wenyeji.

Mama amenionya kwamba kuomba kitu katika barua ya kwanza si adabu. Basi siombi, nauliza tu. Inasemekana unagombea umeya. Ukiupata, watu kama Mama watakaa wapi?

Wako mtiifu,
Aurélie Bukuru

*

Baraza la Jiji, Durban
23 Machi 1998

Binti yangu Aurélie,

Marahaba.

Barua yako ilinichekesha, halafu ikanifanya nifunge mlango wa ofisi. Humu hakuna mwingine asomaye Kiswahili. Katibu wangu aliigeuza juu chini akadhani ni Kizulu cha mtu mgonjwa. Kwa hiyo niandikie wazi, nami nitakuandikia wazi. Jengo hili lina masikio kila ukuta, lakini hii lugha hawana.

Nilifika Morogoro nikiwa na miaka kumi na tisa, natoroka makaburu. Viatu vyangu vilibaki mtoni mpakani. Siku ya kwanza sokoni mama mmoja muuza nyanya aliniita, "Mgeni! We mgeni, njoo!" Kesho yake akaniita tena, na watoto wake nao wakadakia: Mgeni, Mgeni. Nikadhani wamenipa jina. Wiki nzima mtu akiniuliza naitwa nani nilijibu kwa fahari, "Naitwa Mgeni." Watu waliangua vicheko hadi wakashika mbavu. Lakini hakuna aliyeniuliza kibali. Walinisogezea kigoda na sahani ya ugali na mlenda, na nilipomaliza wakaniuliza kama nimeshiba.

Sasa nakaa barazani. Ukutani kuna picha za mameya wa zamani, wazungu watupu, ndevu hadi kifuani. Nikisimama kusema, wako madiwani wanaonitazama kama mtu aliyeingia kuwaletea chai akasahau kutoka. Mbele ya waandishi wa habari wananiita "mama yetu". Wakibaki peke yao wanaulizana kama najua kusoma bajeti. Nina shahada mbili, Aurélie. Kiti kile nakitaka, na nakitaka kwa hasira.

Nikikipata, hakuna atakayembebea mama yako kiti tena. Waambie watu wenu waje kwenye ukumbi ule wa karibu na Albert Park, Jumamosi ya baada ya Pasaka. Nitasema nao kwa Kiswahili, nione kama bado ninaeleweka.

Mimi,
Mama Thembekile

*

Sydenham
19 Aprili 1998

Mama Thembekile mpendwa,

Shikamoo, na hongera. Umeeleweka!

Tangu jana watu hawana habari nyingine. Mama Agathe ameshika kiuno uani anawasimulia waliokosa kuja: "Ile mama iko anasema kama mtu ya kwetu! Mu Uvira hata mukubwa wa mji hasemake Kiswahili hivi! Na kilemba yake, mliona kilemba?" Uliposema, "Ninyi ni wageni wetu," kinamama walipiga vigelegele mpaka mchungaji Pierre-Claver akainua mkono kuwatuliza. Uliposema, "Na sisi tutawapa mahali penu, mahali pazuri, msisukumwe tena barabarani," mama yangu alilia. Hajalia mbele za watu tangu Kigoma. Kisha ukauliza, "Mnakubali?" Ukaona mwenyewe ile mikono. Mpiga picha alilazimika kupanda juu ya kiti ili aipate yote.

Mtu mmoja tu hakuinua mkono, nakusimulia ili ucheke. Ni Mzee Jecha, mwenye nyumba wetu. Yeye ni Mzanzibari wa hapa hapa Durban. Babu zake walikuwa watumwa waliokombolewa baharini na Waingereza, wakaletwa Bluff, ng'ambo ya bandari. Nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuinua.

Akasema, "Mimi nilishapewa mahali pangu, mjukuu. Makaburu walitutazama sisi, weusi hivi, wakasema ninyi si Waafrika, ninyi ni Waasia, hapa Bluff si penu. Wakatupakia kwenye malori wakatupeleka Chatsworth, kwenye mtaa wa Wahindi. Tangu siku hiyo nikisikia 'mahali penu', nashika kofia yangu."

Mama alimjibu, "Mzee, hayo yalikuwa ya makaburu. Huyu ni mtu mweusi mwenzetu."

Mzee Jecha akaenda kumwagilia mchicha wake.

Naona Mama amesema kweli. Nikipita mbele ya jengo lenu nawaza siku utakapokaa kwenye kile kiti, na natembea kama mtu ambaye shangazi yake ndiye mwenye jengo.

Wako mwenye furaha,
Aurélie

*

Sydenham
27 Aprili 1998

Mama Thembekile,

Shikamoo. Leo ni Sikukuu ya Uhuru, hatuna shule, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia juu ya jambo la haraka.

Gazeti la juzi lina picha ya ukumbi wetu. Mikono yote iko juu, na Mama yuko mbele kabisa, anacheka. Chini yake wameandika kwamba watu wa nje wamekubali kwa hiari yao kuondoka mjini na kupelekwa kwenye kiwanja kilicho nyuma ya bandari. Wanasema ni wewe uliyewaambia, na kwamba ulisema kando za barabara zetu ni za Waafrika.

Mwalimu wangu wa Kigoma, Mwalimu Coletha, alitufundisha kwamba kabla ya kumkasirikia mtu tutafute kwanza kosa dogo linaloweza kueleza mambo. Nimelitafuta, na nadhani nimelipata. Kwa Kizulu anayekuja kukutembelea ana neno lake, isivakashi, na mtu wa nje ana neno lake. Kwa Kiingereza pia ni maneno mawili. Sisi tuna moja. Wewe ulisema "wageni" kwa maana ya kigoda na ugali, na aliyemtafsiria mwandishi akachukua ile maana nyingine. Tafadhali waeleze wasahihishe upesi, kwa sababu askari nao wanasoma magazeti.

Hicho kiwanja tulikwenda kukiona. Kuna makontena na upepo. Wanaopita pale ni madereva wa malori, na wengi wao wana vipara.

Aurélie

*

Sydenham
1 Juni 1998

Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ni adabu.

Hukujibu barua yangu ya Aprili. Ijumaa askari walikuja na lori. Mama alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja, nesi wa Kizulu. Yule nesi aliwasihi wamwache amalizwe. Wakamwambia, "Kamalizie bandarini." Akaondoka nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, anawatukana mpaka kituo cha teksi. Jioni Mama alitusimulia akicheka, akaigiza na mwendo wake. Halafu akaacha kucheka, akaingia ndani, akalala na viatu.

MaCele amesogeza jiko lake mahali pa Mama. Mama Agathe alimfokea mbele za watu, "We MaCele! Tulikaa chini ya mwavuli moja, leo iko unanikalia mahali yangu?"

MaCele hakuinua macho. Alisema, "Wameniambia ni pangu sasa. Eish, Agathe, ulitaka niwaambie hapana?"

Leo baada ya shule nilikuja ofisini kwako. Nilikuwa nimevaa sare, na viatu nilivipiga rangi. Katibu wako aliniuliza kama nina miadi. Nikasema sina, lakini Diwani ananifahamu. Nikakaa. Ukatoka na wanaume watatu, wazungu wawili na Mhindi mmoja, mnazungumza. Nikasimama nikasema, "Shikamoo, Mama."

Ulinitazama. Ulinitambua, niliona. Ukasema, "Sawubona, sisi," kama unavyomsalimia binti yeyote wa njiani, ukapita. Mmoja wao akakuuliza, "Amesema nini?" Nawe ukajibu, "Sijui."

Najua kwa Kizulu sisi ni dada. Lakini mimi nililisikia kwa Kiswahili kwanza, na kwa Kiswahili neno hilo lingekuwa na wewe ndani yake.

Sasa naomba kitu. Naomba jibu. Gazeti lilikosea, au halikukosea?

Aurélie Bukuru

*

Durban
8 Juni 1998

Aurélie,

Halikukosea.

Ningeweza kukuandikia kwamba mtafsiri alikosea, na wewe ungeniamini kabla hujafika mwisho wa mstari. Ndiyo maana siwezi. Nilijua. Hotuba ile niliianza kwa Kizulu, ikanikatalia. Kwa Kizulu ilinilazimu nichague kama nawaita wa kukaribishwa au wa kuondolewa. Kwa Kiingereza ikawa vilevile. Kiswahili peke yake kiliniruhusu kusema yote mawili kwa pumzi moja. Ninyi mkashangilia la kwanza, na kamera ikachukua la pili.

Sikiliza jinsi kiti kile kinavyopatikana. Meya anachaguliwa na madiwani, hachaguliwi na mama yako. Wenye maduka makubwa, wengi wao wazungu na Wahindi, wanataka barabara zifagiliwe zote, asibaki hata huyo MaCele, na wana madiwani wao. Chama cha wachuuzi kinataka watu wake wasiguswe, na kwao "watu wetu" hawana lafudhi ya Bujumbura. Ilibidi nimpe kila mmoja kitu. Niliangalia mkononi nina nini cha kutoa bila kupoteza kura hata moja. Niliwakuta ninyi. Hamna kura.

Unaona ukatili. Nami nakuona wewe, msichana ambaye mama yake amenyang'anywa kiti cha plastiki, na nyuma yako nawaona watu wangu walionyang'anywa mji mzima, wakaambiwa waingie asubuhi kufua na watoke jioni. Mwanamke mweusi akikaa chini ya zile ndevu, mlango utabaki wazi nyuma yake, na wewe unaweza kupita humo siku moja. Wale wanaume watatu walikuwa kura tatu. Ningekuitikia salamu yako, wangeuliza ninafahamianaje nanyi.

Utakua, utaelewa.

Barua hii ichome.

T. Mzimela

*

Sydenham
16 Juni 1998

Mheshimiwa Diwani,

Sitaichoma. Wala sitampelekea mtu yeyote, kwa hiyo usipoteze usingizi. Uliniandikia wazi, na mimi si askari.

Leo ni Sikukuu ya Vijana. Jana shuleni tulifundishwa sababu yake: watoto wa rika langu walitoka barabarani kwa sababu serikali ilitaka kuwalisha lugha ya makaburu kwa nguvu, wakapigwa risasi. Mwalimu alisema wengi wa waliosalimika walikimbilia nchi za jirani. Niliinua mkono nikasema namjua mmoja. Darasa zima likageuka. Mwalimu akasema, "Nani? Tuambie." Nikasema nimesahau jina lake.

Unasema nitaelewa nikikua. Nimeelewa sasa hivi, na ndiyo sababu nina hasira. Ungekuwa umekosea, ningekusamehe kabla sijamaliza kusoma barua yako. Nilikuwa nimekutafutia kosa, nimelisafisha, nimekuletea mkononi. Ulichotakiwa kufanya ni kulipokea tu.

Unasema hatuna kura. Ni kweli. Wewe Morogoro ulipigia kura nani?

Unasema barabara ni za Waafrika. Mzee Jecha aliambiwa na makaburu kwamba yeye si Mwafrika, na ni mweusi kunishinda. Mimi naambiwa na wewe. Angalau makaburu hawakuwahi kula mlenda kwa bibi yake Mzee Jecha.

Hasira yako juu ya zile picha naijua. Nilikuwa nayo pamoja nawe. Nilipokuwa nasoma ile habari ya chai nilipiga meza, Mama akashtuka. Lakini angalia umeipeleka wapi. Waliokudharau unatoka nao ofisini mkizungumza. Hasira yote umeiteremsha hadi chini kabisa, kwa mwanamke anayesuka nywele, ambaye alilia kwa furaha alipokusikia. Sasa nikiwaza kile kiti sioni mlango wazi nyuma yake. Namwona Mama amekaa kwenye kiwanja, upepo unapeperusha nywele za bandia, naye anazikimbiza kati ya makontena.

Na Kiswahili hukukinunua. Ulipewa bure, neno moja moja, na muuza nyanya. Alikupa ili upate njia ya kuomba maji.

Shikamoo leo haimo. Nilijaribu kuiandika mara nyingi, mkono ukagoma.

Aurélie Bukuru

*

Ofisi ya Meya, Durban
14 Septemba 1998

Mpendwa Aurélie,

Bila shaka umesikia. Nimekipata, kwa kura chache sana. Nilipokuwa naapa nilitazama viti vya wananchi kule juu, nikijua kabisa kwamba hutakuwapo.

Barua yako ya Juni nimeisoma zaidi ya mara moja. Sitajitetea. Nakuandikia kwa jambo la kazi.

Mwezi ujao tunapokea ujumbe wa madiwani kutoka Tanzania. Nataka binti wa Durban awakaribishe, kwa Kiswahili kilichonyooka. Mimi nikisimama watanicheka. Katika mji huu wote simjui mwingine wa kulinganishwa nawe. Utapewa gauni, na utapigwa picha pamoja nao.

Jambo la pili. Ndani ya soko, mlango wa upande wa kituo cha teksi, kuna meza moja yenye paa na bomba la maji. Nimeagiza iandikwe jina la mama yako. Kibali nimekiambatanisha. Usiite rushwa. Siwezi kuwarudisha wote, Aurélie, wakinirudisha mimi nilikotoka nani atafaidika? Lakini mmoja ninaweza.

Thembekile Mzimela
Meya

*

Sydenham
28 Septemba 1998

Mheshimiwa Meya,

Mimi ni Libérate, mama yake Aurélie. Anayeandika ni yeye, maneno ni yangu. Nimemkataza kuongeza na kupunguza.

Meza nimeichukua. Mtoto hakutaka. Siku mbili amesusa chakula, mpaka nikamwambia akasirike akiwa ameshiba. Nimeichukua kwa sababu nilikuwa na mahali mkaninyang'anya. Mwizi akirudisha sufuria humwambii asante, wala humwambii kaa nayo. Samahani kwa neno mwizi. Mtoto ameniuliza mara mbili kama aliandike, nimesema aliandike.

Kuhusu hotuba, uliyempa meza ni mimi. Mtoto hayumo katika biashara hiyo. Mdomo ni wake, atakujibu mwenyewe.

Bomba linatoa maji vizuri.

Libérate

Sitasoma. — A. B.

*

Ofisi ya Meya
19 Oktoba 1998

Aurélie,

Ujumbe ulikuja na umeondoka. Niliwakaribisha mwenyewe. Walinicheka kwa adabu.

Msimamizi wa soko ameniletea malalamiko. Kwenye meza ya mama yako wanakaa wanawake watatu, na mmoja wao anachoma mahindi ndani ya jengo. Kibali kina jina moja. Wenye maduka wananiuliza kama nimeanza kuwarudisha watu kwa mlango wa nyuma. Chama cha wachuuzi nacho kinaniuliza kwa nini mtu wa nje ana bomba la maji na watu wao hawana. Kuna diwani amekwisha kutamka barazani kwamba meya ana ndugu zake Burundi. Watu walicheka, na sikupenda kicheko chenyewe.

Nimewazuia askari mara moja. Mara ya pili sitaweza. Mwambie mama yako awaondoe hao wawili kabla mwezi haujaisha, abaki peke yake kama ilivyoandikwa. Mnisaidie niwasaidie.

T. M.

*

Sydenham
26 Oktoba 1998

Mheshimiwa Meya,

Nimemwambia. Amesema hawaondoi.

Huyo anayechoma mahindi ni MaCele. Ndiye uliyemwokoa kwa kututoa sisi. Inaelekea ofisini kwako hawajakuambia. Wiki ya ujumbe wako barabara zilifagiliwa zote, ili watu wa Tanzania wasikutane na moshi. Askari walipakia jiko lake likiwa na moto ndani. MaCele aliwaonyesha kadi ya chama, akawaambia yeye ni Mzulu, amezaliwa hapa, mama yake amezikwa hapa. Wakamjibu, "Mama, leo ni kila mtu."

Alikuja sokoni na mahindi mabichi kwenye aproni, akasimama mbali na meza. Mama alikuwa na kitana mdomoni. Mama Agathe alimwacha asimame. Alimaliza msuko mzima, akaanza mwingine, ndipo akasema bila kugeuka, "Sasa iko unangojea nani? Tukutumie kadi ya mwaliko?"

MaCele akasema, "Agathe, una mdomo mbaya."

"Na wewe uko na roho mubaya. Kuja. Ile moshi yako ipitishe kule, isiingie mu nywele ya watu."

Usidhani wamepatana. Wanagombana tangu asubuhi mpaka kufunga, kwa lugha tatu, na mambo ya Mei bado yanatajwa kila siku kabla ya chai. Juzi Mama Agathe alimwita MaCele mgeni wa meya, na MaCele alipotafsiriwa alirusha gunzi. Lakini yule nesi wa nusu kichwa amerudi, akaleta na manesi wenzake wawili, na wakati wakisukwa wanakula mahindi. Mama anasema hajawahi kupata wateja namna hiyo hata kule barabarani. Diwani wako aliyesema una ndugu Burundi aje asikilize, hapo mezani sasa hata wateja hawajui nani ametoka wapi mpaka matusi yaanze.

Umeandika nikusaidie unisaidie. Nimefikiri sana, nimeona hivi. Usitume askari. Njoo wewe, mchana, bila dereva na bila mpiga picha. Simama mbele ya meza uwatazame wote watatu, kisha uwaambie ni nani anayebaki na ni nani wawili wanaoondoka. Waambie kwa sauti, MaCele hasikii vizuri sikio la kushoto. Mimi ninafika pale saa tisa, shule ikiisha. Ningependa niwepo.

Ukiona huwezi kulisema hilo mbele yao, basi usilifanye ukiwa ofisini.

Bado nina hasira nawe, na sidhani itaisha leo wala kesho. Hata hivyo nimekwenda kwa msimamizi wa soko, nikamuuliza kama sheria inakataza kibali kimoja kuwa na majina zaidi ya moja. Alipekua, akanung'unika, akakiri kwamba haikatazi. Inataka tu kibali kiandikwe upya na meya atie sahihi. Nimekiandika, kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri, nimekiambatanisha na barua hii: Libérate Bukuru, Agathe Nabintu, Busisiwe Cele. Nimehakikisha kila jina limeandikwa sawasawa.

Nafasi ya sahihi yako iko chini, upande wa kulia.

Aurélie Bukuru